Uyoga mweupe kwenye ukoka: usiupike, ulaze kwanza kwenye karatasi

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili na picha nimezikuza mpaka simu ikaanza kukwama. Nalirudia kwa kifupi ili na wengine wafuate. Umetoka Mafinga miaka miwili iliyopita, sasa hivi unakaa Morogoro, masika imepiga wiki nzima na juzi asubuhi ukakuta uyoga mweupe mkubwa umeota kwenye ukoka mbele ya nyumba, mmoja mpana kama sahani ya wali, umejipanga nusu duara. Umekulia kwenye uyoga, bibi alikuwa anawapeleka porini, na unasema huu unafanana kabisa na ule wa kichuguu mliokuwa mnakula na ugali. Jirani anakwambia uchemshe na kitunguu saumu, kikibaki cheupe kula bila wasiwasi, tena kuku wake wameudonoa tangu juzi na wako wazima. Una mtoto wa miaka minne. Unauliza, ni ule wa kwetu? Naweza kupika?

Jibu fupi kwanza maana najua sufuria iko karibu: usipike. Usionje hata kipande.

Sasa tukae tuongee. Ninachoshuku kwenye picha zako ni uyoga ambao kitaalamu unaitwa Chlorophyllum molybdites, mi huwa nauita tu uyoga wa vumbi la kijani, mbele kidogo utaona kwa nini. Huu unapenda sana nyasi: ukoka wa majumbani, viwanja vya mpira, bustani za mahoteli, na unatoka mvua ikishakolea, mara nyingi umejipanga duara kwa sababu mwenyewe halisi yuko chini, ni nyuzinyuzi nyeupe zinazotambaa udongoni kwenda nje kila upande, hicho unachokiona juu ni kama embe tu, mwembe wenyewe umejificha. Ukiwa mchanga unafanana na kirungu, ukishafunguka kofia inafika sentimita 20 hata 30, nyeupe, na katikati ina magamba ya kahawia kama ganda la mkate lililopasuka. Shina refu, limenenepa kidogo chini, shingoni lina pete ambayo ukiisukuma taratibu kwa kidole inapanda na kushuka. Ila ujanja wake wote uko chini ya kofia. Zile kurasa, namaanisha vile vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, zikiwa changa ni nyeupe pee, kwa hiyo anayeuchuma alfajiri anaona uyoga safi, mnono, hata waliokula wanasema ladha yake haina shida yoyote. Zinageuka kijani-kijivu baadaye, uyoga ukishakomaa, na hapo wengi wanakuwa wameshaukaanga.

Baada ya kula, ndani ya masaa 1 mpaka 3 tumbo linaanza kusokota, unatapika, unaharisha, wengine mpaka damu. Mtu mzima mwenye afya yake kwa kawaida anateseka siku moja mbili anapona, lakini mtoto wa miaka minne akitapika na kuharisha hivo anaishiwa maji haraka sana, huyo ndo amenifanya nikujibu leo leo.

Na kuna kitu kinawachanganya watu kuhusu huu uyoga, jirani yako inawezekana kabisa hadanganyi. Wapo watu wanaula na hawapati kitu. Kweli kabisa, mmoja anakula sahani nzima analala freshi, mwenzake kaonja vijiko viwili yuko chooni usiku kucha. Sasa yule aliyelala freshi ndo anakuwa shahidi wa mtaa, "mbona mimi nimekula mwaka jana", na yule aliyelazwa anasema alikula samaki wabovu. Ushahidi wa mtu aliyekula akapona unakwambia habari za tumbo lake yeye, la kwako halijulikani.

Turudi kwenye kichuguu chako. Uyoga ule, kitaalamu Termitomyces, hauoti hivihivi, mchwa wanaulima. Wanakusanya miti mikavu na majani, wanayatafuna, wanajenga humo ndani vitu kama sponji, na kuvu inaota juu ya hizo sponji, ndo chakula chao. Mvua zikija ile kuvu inasukuma shina kutoka shambani kwa mchwa mpaka juu ya ardhi, na ardhi ya kichuguu unaijua ilivyo ngumu, kwa hiyo uyoga unatoka na alama mbili za safari hiyo: katikati ya kofia kuna ncha iliyochongoka iliyotumika kutobolea udongo, na chini shina linaendelea kuwa mzizi mrefu mwembamba unaoshuka mpaka kule kwa mchwa, wakati mwingine urefu wa mkono mzima.

Hilo la mzizi nilifundishwa kwa aibu. Mwaka wa kwanza naanza kazi hii ya kuchunguza uyoga nilitoka na kina mama porini upande huohuo wa Iringa, nina kisu kipya cha kukunja, naona uyoga nakata pale usawa wa udongo, msafi, hauna mchanga, najiona fundi. Mama mmoja akaniangalia akacheka, akasema, "Mwanangu, jina lake umeliacha chini." Akapiga magoti, akachukua kijiti, akawa anafukua pembeni ya shina taratibu kama mtu anayetoa mwiba, udongo anauweka upande, mzizi unazidi kushuka, unanyooka kidogo unapinda, kila akishuka kiganja ananionesha kwa kidole, mpaka mchwa wakaanza kutoka wamekasirika. Hapo ndo akauweka kwenye kikapu. Ule mwingine nilioukata mimi akautupa. Akautupa na ulikuwa huohuo! Nikamuuliza kwa nini, akasema huo sasa mimi siujui.

Kwa hiyo nenda pale kwenye ukoka na kijiti, chimba mmoja mzimamzima, usikate. Usitumie kigezo cha "hapa hamna kichuguu", maana kuna mchwa wanaoishi chini bila kujenga kilima na uyoga wao unatokea hata katikati ya shamba la mahindi. Angalia mzizi. Kama shina linaishia na kitako kilichonenepa, kimebeba udongo kidogo na nyuzi nyeupe, basi hadithi ya kichuguu imeishia hapo. Pete peke yake isikudanganye upande wowote, maana baadhi ya uyoga wa mchwa nao una pete. Na ule mdogomdogo wa kichuguu, unaotoka mamia kwa mamia umetapakaa kama mtu kamwaga bisi, huo hauna mzizi mrefu, lakini kofia yake haizidi kifuniko cha soda kwa hiyo huwezi kuuchanganya na sahani ya wali.

Halafu usiku wa leo fanya hivi. Chukua kofia moja iliyofunguka vizuri, toa shina, ilaze kwenye karatasi nyeupe kurasa zikiangalia chini, dondoshea tone moja la maji juu, funika na bakuli, weka juu ya kabati ambako mtoto hafiki. Usiogope kuushika, sumu ya uyoga haipiti kwenye ngozi, nawa mikono tu basi. Asubuhi funua bakuli, nyanyua kofia polepole. Utakuta uyoga umejichora wenyewe, mistari myembamba imetoka katikati kama njiti za tairi la baiskeli, hilo ni vumbi la uzazi wake, spora, na rangi ya vumbi hilo haidanganyi kama rangi ya kurasa inavyodanganya. Kama nilivyoshuku, utakuta kijani iliyofifia, kama unga wa majani ya mlonge. Mara ya kwanza kuiona unaweza kudhani karatasi imeota ukungu. Uyoga wa kichuguu unatoa waridi hafifu. Ule wa kizungu wa supamaketi na ndugu zake wa porini unatoa kahawia nzito kama kahawa. Na weupe unatoka kwenye uyoga mwingi tu, pamoja na mamama, ule uyoga wa kuliwa unaouzwa sokoni, na pamoja na ule unaoua.

Ndo maana nakuomba usiichukue hiyo karatasi kama cheti. Ikitoka kijani imekukatalia, jambo limekwisha. Ikitoka waridi haijakuruhusu, maana kuna uyoga wenye vumbi la waridi na una sumu vilevile. Karatasi inakataa tu, kuruhusu haiwezi.

Sasa kitunguu saumu cha jirani. Hiki kipimo kiko dunia nzima, wengine wanatumia shilingi ya fedha, wengine kijiko, wengine mchele, kwamba kikibadilika rangi kuna sumu. Hakina ukweli. Sumu za uyoga ni nyingi na hazifanani, hakuna kitu kimoja jikoni kinachozitambua zote, na ile mbaya kuliko zote kitunguu hakiihisi kabisa, kinabaki cheupe kama theluji ya Kilimanjaro. Eti uyoga wenye wadudu ni salama kwa sababu wadudu wanajua: konokono na funza wanakula ule unaoua watu na hawashtuki. Eti kofia ikimenyeka ngozi ni mzuri, eti wenye rangi kali ndo mbaya na mweupe ni mzuri. Hili la mwisho ndo baya zaidi, kwa sababu kwenye uyoga hatari kabisa duniani kuna mweupe mtupu. Na kuku wamedonoa wakaacha, dada, kuku hajala sahani, na mwili wa kuku si wa mtoto wako.

Nieleze kidogo huo unaoua, maana kwako wewe unayerudi nyumbani likizo na kuingia porini ni muhimu kuliko huu wa ukoka. Kuna jamii inaitwa Amanita. Uyoga wake ukiwa mchanga unakaa ndani ya mfuko mweupe kama yai, ukikua unapasua mfuko na mabaki yake yanabaki chini ya shina kama kikombe, mara nyingi kikiwa kimezama ndani ya udongo. Unaona sasa mtu wa kisu cha kukunja anavyokufa? Anakata juu, kikombe kinabaki ardhini, anapeleka nyumbani uyoga mzuri mweupe wenye pete. Ule maarufu wa Ulaya, Amanita phalloides, kofia moja inatosha kumuua mtu mzima, na sumu yake, amatoksini, haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha wala kukaanga, hata ukimwaga maji ya kwanza na ya pili. Ubaya wake mwingine ni ukimya. Unakula saa mbili usiku, unalala vizuri, kesho yake alfajiri ndo tumbo linaanza, kwa kawaida masaa 6 mpaka 12 na zaidi. Unatapika unaharisha siku moja, halafu unapata nafuu, watu wanasema Mungu mkubwa, unarudi nyumbani, kumbe muda wote huo ini linaharibika, siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano.

Lakini hapohapo kuna kitu kinachonifanya nisipende ushauri wa "kila chenye kikombe ni sumu". Nyanda zetu za miombo zina Amanita ambazo watu wanakula tangu enzi na enzi. Kuna mmoja ulipewa jina la kitaalamu mwaka 1994, Amanita tanzanica, ni wa kwetu, wenyeji wanaula. Wazambia wana wao, Amanita zambiana, unauzwa barabarani mvua zikianza. Mama aliyekulia hapo anautofautisha na mbaya kwa vitu vidogo ambavyo mi na darubini yangu nahitaji mchana mzima. Ila ujuzi wake unafanya kazi kwenye msitu wake. Mwaka 2021 kuna familia ya Waafghani ilikimbia Kabul ikapokelewa Poland, wakachuma uyoga kwenye msitu wa karibu na kituo walikofikia, wakapika supu, ukawa ni huohuo phalloides, watoto wawili wakafariki, mmoja miaka 5 mwingine 6, hata kupandikizwa ini hakukusaidia. Msitu ulikuwa mwingine. Nawaambia hata ndugu zetu walioko Ujerumani na Marekani wanaonitumia picha wakiuliza "si huu wa kijijini?", si huo. Phalloides sasa uko mpaka Afrika Kusini na Australia, ulisafiri kwenye mizizi ya miti ya mwaloni iliyopelekwa na wazungu.

Hata Mafinga kwenu, fikiria. Bibi aliijua miombo, na misindano ni mgeni, ilipandwa. Misindano ilikuja Afrika na uyoga wake kwenye mizizi, ukiwemo ule mwekundu wenye madoadoa meupe, Amanita muscaria, unaopanda kichwani mtu anaweweseka. Mvua kubwa ikinyesha yale madoadoa yanaoshwa, unabaki mwekundu mtupu, na kuna uyoga mwekundu wa miombo unaoliwa. Kwa hiyo hata pale nyumbani, ukivuka kutoka miombo kuingia kwenye misindano, hesabu umevuka mpaka wa nchi.

Programu za simu umeniuliza pia. Mi nazitumia kupata pa kuanzia, kama mtu anayekisia kabila la mtu kwa lafudhi. Kwa chakula hapana. Programu haioni mzizi, hainusi, haina karatasi ya asubuhi, na haitakuja kukuuguza. Hata mimi mwenyewe kwa picha nilizopata, zote zimepigwa kwa juu, nimesema nashuku, ukiniuliza kama nina hakika ya kula nakwambia sina.

Likitokea la kutokea, kwako au kwa jirani: mtu kala uyoga wa porini na anajisikia vibaya, nendeni hospitali, msisubiri kesho. Maziwa hayaui sumu ya uyoga, mafuta ya kula hayaui, maji ya chumvi ya kumtapisha mtu kwa nguvu yanamuongezea tatizo. Beba uyoga uliobaki, mbichi au uliopikwa au hata maganda ya jalalani, weka kwenye karatasi, na kumbuka saa mliyokula na saa alipoanza kuumwa, hizo saa mbili zinamsaidia daktari kuliko maelezo yote. Tumbo likianza mapema mara nyingi ni sumu ya tumbo, likianza baada ya masaa 6 semeni wazi "amekula uyoga" ili ini liangaliwe hata kama ameshapata nafuu. Na kama sahani ilikuwa na aina mbili, ya mapema inaweza kuficha ya kuchelewa, kwa hiyo msidanganyike. Mtoto akitapika mpeni maji ya ORS kidogokidogo njiani. Wote waliokula sahani moja waende, hata asiyeumwa.

Hamu ya uyoga naielewa, usidhani nakukaripia. Mamama sokoni Morogoro unapatikana, ukatie kwenye karanga uone kama utaukumbuka huo wa ukoka. Na ukipita barabara ya Iringa kipindi cha mvua ukakuta kina mama na ndoo zao, mi huwa namuuliza muuzaji maswali matatu: mnauitaje kwenu, unaota wapi, mnaupikaje. Anayeujua anajibu kabla hujamaliza kuuliza, tena anakuongezea na wifi yake anavyoukosea chumvi. Akianza kusema "ni uyoga tu, mzuri, chukua", namshukuru naondoka. Angalia pia usiwe umelowa na kuanza kunuka kwenye mfuko, maana uyoga mzuri uliooza unaumiza tumbo kama wenye sumu, na watu wanalaumu aina wakati kosa ni joto la gari.

Umeuliza pia namna ya kuuondoa kwenye ukoka. Kuuondoa kabisa ni kazi, maana mwenyewe yuko chini na dawa za dukani hazimfikii, nisingekushauri upoteze hela. Ng'oa kila asubuhi kabla mtoto hajaamka, na vile vidogo vya kirungu pia, fukia shimoni au tupa kwenye taka zinazofungwa. Mvua zikipungua utaacha kutoka wenyewe, na masika ijayo utarudi, duara limetanuka kidogo. Ukishafunua bakuli nitumie picha ya karatasi, piga ukiwa dirishani, ile kijani kwenye taa ya umeme huwa haionekani vizuri.